Uhai wa mbwa kwa Sh3,000: Haki ya mnyama wa nyumbani imekwama wapi?

MTU akivunja kibanda cha mbwa wa jirani yake kwa makusudi, anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu uharibifu wa mali, na akipatikana na hatia afungwe hadi miaka mitano. Akimtoa mbwa aliyelala ndani ya kibanda hicho na kumkata kwa panga, kisha ashtakiwe chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, adhabu ya juu kabisa ni faini ya Sh3,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili.

Mbao na misumari, kwa hesabu hiyo, vina uzito kuliko nyama na damu.

Nakiri kwamba sikuwahi kulitafakari jambo hili hadi mwalimu mmoja mstaafu, ambaye tumepakana ua kwa miaka mingi, alipobisha langoni kwangu jioni moja akiwa na gunia mkononi. Ndani ya gunia alikuwa mbwa wake. Kwa miezi kadhaa mwalimu alikuwa amezozana na mtu mwingine wa mtaa wetu kuhusu mpaka wa shamba, na alasiri hiyo, kwa maelezo ya kijana aliyeshuhudia, mtu huyo alimvizia mbwa penye ua na kumkata shingoni.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia. "Niende wapi?"

Tulikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu hakuwa mtu mbaya, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, mbwa huyu ulimnunua pesa ngapi?" Mwalimu, mtu asiyejua kusema uongo, alijibu kwamba hakumnunua. Alipewa na mwanafunzi wake wa zamani, akiletwa ndani ya kikapu angali kitoto kisichofungua macho. Kalamu ya afisa ikasita. Kilichoandikwa katika kitabu cha matukio ni "ugomvi wa majirani", nasi tukashauriwa tumwone mzee wa mtaa. Usiku huo huo mwalimu alimzika mbwa wake chini ya mparachichi.

Swali la afisa yule halikuwa la kipuuzi. Kusema kweli, ndilo swali ambalo sheria yetu imekuwa ikiliuliza tangu zama za ukoloni: mnyama huyu ni mali ya nani, na ana bei gani?

Kenya haikosi sheria ya kumlinda mnyama. Sura ya 360, iliyotungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtwisha mzigo kupita kiasi na kumpa sumu bila sababu ya haki. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa jukumu la kuwalinda wanyama, na ikazikabidhi kaunti udhibiti na maslahi ya wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa na hata mahali pa kuwazika. Shirika la kutetea wanyama, KSPCA, lina mizizi inayofika mwaka wa 1910. Kwa hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba suala hili ni la juzi, au kwamba ni mchezo wa matajiri wa Karen na Muthaiga.

Tatizo ni kwamba sheria yenye adhabu ya Sh3,000 huwaambia maafisa wote wanaoishika jinsi ya kuichukulia. Afisa wa upelelezi mwenye faili za wizi wa mabavu na unajisi mezani hawezi kutumia mafuta ya gari, siku tatu za kazi na ada ya maabara kwa kosa ambalo mshtakiwa atalilipia papo hapo na kubaki na nauli. Kiongozi wa mashtaka naye hujiuliza kama inafaa kuwaita mashahidi watano. Faini hiyo ilikuwa na uzito ilipoandikwa. Leo haitoshi kumlipa daktari wa mifugo aliyejaribu kuokoa maisha ya mnyama husika.

Ndipo inapofaa kutazama kilichotokea Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, kwa kuwa sheria ya huko wakati huo ilikuwa na udhaifu uleule wa sheria yetu.

Kati ya Oktoba 2018 na Juni 2019, paka wa watu walianza kurejea nyumbani wakiwa na jeraha la kisu, na wengine walianguka wakafa kwenye vizingiti vya milango. Paka tisa walikufa na saba wakajeruhiwa. Katika siku za mwanzo kila mwenye paka alidhani msiba ni wake peke yake. Waliobadilisha mkondo wa mambo ni madaktari wa mifugo waliotambua kwamba majeraha hayo yalifanana, na mwenye nyumba mmoja ambaye, baada ya kumpoteza paka wake, aliweka kamera ya siri nje ya nyumba. Kamera hiyo ilimnasa mtu akimshambulia paka mwingine. Polisi walipopekua makazi ya mshukiwa, mlinzi wa duka aliyekuwa zamani baharia wa jeshi la wanamaji, walipata kisu chenye chembechembe za paka, na picha ya paka aliyekufa ndani ya simu yake.

Ushahidi ulikuwepo. Swali likawa mashtaka gani yafunguliwe. Sheria ya Maslahi ya Wanyama ya mwaka wa 2006, kwa matendo ya wakati huo, iliruhusu kifungo kisichozidi miezi sita. Miezi sita kwa paka kumi na sita! Viongozi wa mashtaka waliamua kupitia mlango mwingine. Walimshtaki mtu huyo kwa uharibifu wa mali, makosa kumi na sita, pamoja na kosa la kubeba kisu. Sheria ya Uharibifu wa Mali ya 1971 inaruhusu kifungo cha hadi miaka kumi. Julai 2021 mahakama ilimhukumu miaka mitano na miezi mitatu. Alifariki Januari 2022 akiwa bado mfungwa.

Wapo waliokereka. Paka, walisema, si kioo cha dirisha, na kumwita mali ni kumdhalilisha mara ya pili. Binafsi naona uchungu wao ulikuwa wa haki lakini lawama hazikuwa mahali pake. Wenye paka waliketi mahakamani wakaeleza walichopoteza, jaji akawasikiliza, na adhabu ikalingana na matendo. Neno lililoandikwa juu ya hati ya mashtaka halikuwazuia kusema ukweli.

Mlango wa namna hiyo upo kwetu, na ajabu ni kwamba haubishwi sana. Kifungu cha 338 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu yeyote anayemwua, kumlemaza au kumjeruhi kwa makusudi na kinyume cha sheria mnyama anayeweza kuibwa ana hatia. Mnyama anayeweza kuibwa ni yupi? Kanuni hiyohiyo, katika sehemu inayohusu wizi, inamhesabu humo mnyama wa kufugwa aliye mali ya mtu. Mbwa wa mwalimu yumo, hata ingawa alikuja bure ndani ya kikapu, kwani aliyepewa zawadi ni mwenye mali sawa na aliyenunua. Na hukumu ya kosa hilo yaweza kuipita mbali ile miezi sita ya Sura ya 360.

Kwa hivyo, anayekwenda kituoni kuripoti kwamba mnyama wake ameuawa kikatili asiseme tu, "Wameniulia mbwa." Aseme kwamba mali yake imeuawa kwa makusudi, ataje kifungu cha 338, na aombe nambari ya OB inayoonyesha kosa la jinai wala si mzozo wa majirani. Maneno yanayoandikwa katika dakika kumi za kwanza ndiyo yanayoamua faili itapelekwa kwa mpelelezi au itatupwa kabatini. Mimi, mtu ninayekula kwa kusahihisha maneno ya wengine, nilikuwa nimesimama pale kaunta na sikulisahihisha lile.

Lakini hata kifungu kikali namna gani hakimfungi mtu bila ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi za wanyama hufia. Mwenye mnyama hufanya kile ambacho moyo wa binadamu humwelekeza kufanya: humwosha, humfunga shuka, humzika kabla ya giza. Anazika pamoja naye ushahidi wote. Mzoga wa mnyama aliyeuawa unapaswa kufikishwa kwa daktari wa mifugo haraka iwezekanavyo, ukiwa umewekwa mahali pa baridi, ili aufanyie upasuaji na kuandika ripoti yenye tarehe na sahihi. Picha zipigwe pale pale alipokutwa, kabla hajasogezwa. Ikiwa anashukiwa kupewa sumu, mabaki ya chakula na matapishi yachukuliwe na kufungwa vyema, kwani bila vipimo vya maabara hakuna hakimu atakayeamini kwamba kipande cha nyama kilichotupwa juu ya ukuta kilikuwa na dawa ya kuua wadudu. Wakenya wanaijua sana njia hiyo. Wezi huitumia kuwanyamazisha mbwa siku moja au mbili kabla ya kuvamia boma. Polisi wanaopuuza ripoti ya mbwa aliyelishwa sumu huenda wanapuuza onyo la wizi wa wiki ijayo.

Uchunguzi wa daktari una faida nyingine, nayo ni kuwaepusha watu wasio na hatia. Kusini mwa London, kuanzia mwaka wa 2015, wakazi wa Croydon na vitongoji jirani walikumbwa na hofu baada ya paka wengi kupatikana wakiwa wamekatwa vichwa au mikia. Magazeti yalimpa jina muuaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ripoti zilizidi 400. Polisi walipofunga uchunguzi Septemba 2018 walifikia uamuzi kwamba paka hao waligongwa na magari, kisha mbweha wakala mizoga. Miaka mitatu baada ya hapo, wataalamu wa chuo cha udaktari wa mifugo cha London walichapisha utafiti uliothibitisha kazi ya mbweha. Tafakari iwapo kundi la watu wenye hasira lingekuwa limemnasa kijana fulani mtaani na kumtwika makosa yale. Katika nchi yetu, ambako kelele za "mwizi" pekee zimewahi kumwangamiza mtu kabla ya polisi kufika, tahadhari hiyo si ya bure.

Aidha, si kila anayemwua mbwa wa mwenzake ni mkosaji. Kifungu cha 338 kinataka tendo liwe la makusudi na pia kinyume cha sheria. Mfugaji aliyemkuta mbwa akiwararua kondoo wake, au mzazi aliyemwokoa mtoto kutoka katika meno ya mbwa, ana utetezi wenye nguvu. Kichaa cha mbwa nacho kingali kinaua watu nchini, na ndiyo maana serikali ilizindua mkakati wa kukitokomeza miongoni mwa binadamu unaoanzia 2014 hadi 2030. Anayedai haki ya mbwa wake ni sharti awe amemchanja na kumfungia inavyotakiwa. La sivyo, wakili wa upande wa pili ataanza na hapo.

Turejee kwenye suala la mali, kwa maana lina shimo ambalo haliwezi kuzibwa kwa ujanja wa viongozi wa mashtaka. Mali hulindwa dhidi ya mtu mwingine. Je, mwenye mnyama akiwa ndiye mkatili? Mume anayemnyonga paka wa nyumbani mbele ya watoto ili kumtisha mkewe atasema paka ni wake. Mwenye punda anayempiga hadi kufa njiani atasema punda ni wake. Na mbwa asiye na mwenyewe, anayelala chini ya kibanda cha mama mboga, akimwagiwa maji moto na mpita njia, ni mali ya nani? Hao wote wamebakiwa na Sura ya 360 peke yake, na Sh3,000 zake. Mlango wa 338 unamfaa mwalimu. Hauwafai hao.

Mfano wa mume na paka si wa kubuni kwa ajili ya hoja. Wanaoshughulikia dhuluma za kinyumbani katika mataifa mengi wamekuwa wakieleza kwamba mnyama huwa mhasiriwa wa kwanza, na mtu huwa wa pili. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilianza kuorodhesha ukatili dhidi ya wanyama kama aina ya uhalifu inayojitegemea katika takwimu zake za mwaka wa 2016, ilhali awali makosa hayo yalirundikwa pamoja na mengine madogo. Polisi wa Marekani hawakufanya hivyo kwa kuwapenda paka. Waligundua kwamba anayetesa mnyama anafaa kufuatiliwa mapema.

Sheria zilizozaliwa na kifo cha mnyama mmoja ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 1997, mjini Schenectady katika jimbo la New York, kijana mmoja alimmwagia paka aitwaye Buster mafuta ya taa na kumwasha moto. Wakati huo ukatili wa namna hiyo ulihesabiwa kosa dogo. Hasira ya wananchi ilizaa sheria mwaka wa 1999 iliyoufanya ukatili uliokithiri kuwa kosa kubwa lenye kifungo cha hadi miaka miwili, na hadi leo watu huiita kwa jina la paka huyo. Inachekesha kidogo kwamba kifungu hicho kimo ndani ya sheria za kilimo na masoko. Uingereza nayo, baada ya kampeni za miaka mingi, iliongeza kifungo cha ukatili kutoka miezi sita hadi miaka mitano kuanzia Juni 29, 2021, mwezi mmoja tu kabla ya hukumu ya Brighton. Ila sheria mpya haikuweza kurudi nyuma na kumkuta mtu yule.

Bunge letu linaweza kuibadilisha tarakimu moja katika Sura ya 360 kwa alasiri moja. Wabunge wamewahi kupitisha mambo makubwa kuliko hayo kwa muda mfupi kuliko huo, hasa yanapohusu marupurupu. Kuongeza faini na kifungo hadi kiwango kinachomfanya afisa achukue kalamu hakuhitaji tume wala safari ya mafunzo ng'ambo.

Je, anayesubiri Bunge afanyeje? Iwapo polisi wamekataa, sheria iliyounda Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwaka wa 2013 inamruhusu mtu kufungua mashtaka ya kibinafsi, mradi amjulishe mkurugenzi kwa maandishi katika muda wa siku 30. Mahakama hazifungui njia hiyo kiholela. Hutaka kuona kwamba mlalamishi alikwenda kwanza kwa wenye wajibu, na kwamba yeye mwenyewe ameumizwa na kosa hilo. Ni njia ndefu na ya gharama. Sidhani mwalimu mwenye pensheni angeifuata.

Njia nyepesi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021 na kusambazwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya hasara ya mali, na inatakiwa kuamua katika siku 60. Mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Hapo, anayemdai jirani yake fidia hahitaji kuthibitisha kosa pasipo shaka yoyote, kama inavyotakiwa katika kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba yamkini mambo yalitokea hivyo. Ushahidi wa kijana aliyeshuhudia, picha na ripoti ya daktari vinaweza kutosha.

Kisha hakimu atauliza lile swali la afisa wa zamu. Mbwa ana bei gani? Kwa mbwa wa kienyeji, bei ya soko hukaribia sufuri, na mdai atalazimika kuhesabu gharama za chanjo, chakula, matibabu na ulinzi aliokuwa akipata usiku. Wajerumani waliligusa jambo hili mwaka wa 1990 walipoandika katika sheria yao ya madai kwamba wanyama si vitu, na kwamba gharama ya kumtibu mnyama aliyejeruhiwa haihesabiki kuwa imepita kiasi kwa sababu tu imezidi bei yake. Jimbo la Tennessee, Marekani, liliruhusu mwaka wa 2000 fidia ya kupoteza mapenzi na usuhuba wa mbwa au paka aliyeuawa, ingawa liliiwekea kikomo ambacho sasa ni dola 5,000. Kwetu bado hakimu hana mwongozo wa namna hiyo, na mtu wa kwanza atakayemfikishia swali hilo pamoja na ripoti nzuri ya daktari atakuwa amewafanyia kazi wengi watakaomfuata.

Nilimweleza mwalimu haya yote wiki chache baadaye, kwa ari ya mtu aliyesoma vitabu. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza kama ripoti hiyo ya daktari ingehitaji mbwa afukuliwe. Nikamwambia kwamba pengine ndiyo, na kwamba kwa muda uliokuwa umepita haingesaidia sana. Akatazama upande wa mparachichi, akanikaribisha chai.

Mtu wa mpaka angali jirani yetu. Kila asubuhi hupita mbele ya lango la mwalimu akienda kazini, na sasa hakuna anayembwekea.